Maswali ya wasomaji: Weka wembe chini, bibi abaki kitabuni

Toleo lililopita niliandika habari fupi ya vitabu vya zamani vya picha, vile vikubwa na vizito ambavyo wazee wetu waliviweka juu ya kabati watoto wasivifikie. Barua zilizokuja zimejaza kikapu. Kwa asiyenijua: nimejalidi vitabu miaka 31 Dar es Salaam, nikastaafu, sasa niko kwetu Tanga, Ngamiani, na vitabu vyangu vya picha vimepita 200. Sikuvinunua kwa utajiri. Nilivipata kimoja kimoja, vingine vikiwa vimechanika mgongo hadi mwenye navyo anaona haya kutaja bei. Leo nimechukua barua saba. Zilizobaki nitazijibu, msichoke kusubiri.

Shikamoo Mama. Nyumbani kwetu kuna kitabu kikubwa cha picha za pwani, kilichapishwa Ulaya miaka ya sabini. Katika ukurasa mmoja kuna mwanamke amekaa barazani anasuka ukili. Shangazi zangu wote wanasema ni bibi yetu, mama yake baba. Chini ya picha pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, basi. Kaka yangu anataka kuukata ukurasa kwa wembe autie fremu, autundike sebuleni. Mimi moyo unasita. Tufanyeje? — Msomaji, Lamu

Marahaba, mwanangu. Moyo wako umesita mahali pake. Mwambie kaka yako auweke wembe chini kwanza, kisha msomee haya.

Kitabu cha kushonwa hakijengwi kwa jani moja moja. Karatasi pana hukunjwa katikati, ikapachikwa ndani ya nyingine, kisha zikashonwa pale penye kunjo. Kwa hiyo jani lile la bibi lina pacha wake upande wa pili wa uzi. Mkilikata hili, lile halina tena linalolishika, na kitabu kikifunguliwa mara kadhaa litachomoka lenyewe. Mtakata jani moja na kupoteza mawili. Halafu geuzeni ukurasa: mgongoni mwa bibi yenu kuna picha nyingine, na yule naye ni bibi au babu wa mtu.

Na huko ukutani je? Umewahi kuona mabango ya zamani ya vinyozi, yale ya mitindo ya nywele, jinsi watu wote walivyogeuka rangi ya samawati? Wino wa njano na ule wa waridi huliwa na mwanga mapema, ukabaki wa samawati na mweusi. Ndani ya kitabu kilichofungwa bibi yenu ametunza rangi ya uso wake na ya kanga yake karibu nusu karne. Mkimtundika mkabala na dirisha mtamwona akififia kila mwaka.

Mpigeni picha ya picha. Tafuteni mtu mwenye kamera nzuri, au hata simu nzuri na mkono uliotulia. Kitabu kilazwe mezani karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, na flashi isiwashwe kabisa, maana karatasi ya kung'aa itaurudisha mwanga wote kama kioo. Chini ya jalada la upande mmoja wekeni taulo lililokunjwa ili kitabu kisilazimishwe kufunguka kuliko kinavyotaka. Nyuma ya ukurasa wa bibi ingizeni karatasi nyeusi, vinginevyo kivuli cha picha ya nyuma kitapenya. Kisha mkasafishe picha, mtie fremu, mtundike. Ikipauka mtasafisha nyingine, na kitabu kiko pale pale.

Kazi kubwa zaidi ni hii inayofuata, nayo haingoji. Kaa na shangazi zako wakiwa hai. Muulize kila mmoja peke yake, asisikie alichosema mwenzake: huyu ni nani, binti wa nani, baraza hii ni ya nyumba gani, amejuaje kuwa ni yeye. Mmoja atakwambia ni uso, mwingine atakwambia ni ile bangili, mwingine ni namna alivyokunja mguu. Andika yote kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi nyeupe safi, pamoja na jina lake kamili na namba ya ukurasa, uiweke mwishoni mwa kitabu. Isikae juu ya picha yenyewe, maana karatasi duni huacha kivuli cha kahawia pale ilipolala.

Nasisitiza kwa sababu nimeuona mwisho wa wembe. Katika maktaba moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, niliwekewa mezani juzuu ya picha za miji ya pwani niijalidi upya. Nilipofungua mgongo nikakuta vishina, yaani vipande vyembamba vya karatasi, upana wa ukucha, vimeng'ang'ania uzi. Nikavihesabu: 11. Mtu alikaa pale chumba cha kusomea, siku baada ya siku, akakata picha 11. Kwenye kishina kimoja palikuwa pamebaki ncha ya kilemba na kidole gumba. Kitabu nilikijalidi, ndiyo kazi niliyopewa, lakini kidole kile nilikaa nacho muda mrefu nikijiuliza ni cha nani.

Mama, mimi ni kijana wa miaka 24. Kwa wauza vitabu wa barabarani hapa mjini nimepata kitabu cha mpiga picha Peter Beard, The End of the Game. Ndani kimeandikwa 1977. Rafiki yangu ananicheka, anasema nimepigwa kwa sababu toleo la kwanza ni la 1965. Ni kweli nimepoteza hela? — Msomaji, Dar es Salaam

Hujapoteza, mwanangu. Rafiki yako anajua tarehe ila hajakifungua kitabu. Toleo la 1965 linaeleza enzi za wawindaji na wajenzi wa reli, na jinsi wanyama walivyobanwa na watu. Baada yake, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukame uliipiga mbuga ya Tsavo, Kenya, na tembo wakafa kwa maelfu. Beard alipanda ndege akawapiga picha wakiwa mizoga, na picha hizo zikaingia kwenye toleo la 1977. Fungua sehemu za mwisho uzitazame polepole: kutoka juu, tembo mzima amebaki ngozi na mifupa juu ya udongo, kama alama ya muhuri. Mwenye toleo la 1965 hana picha hizo. Ukisikia toleo la kwanza ndilo bora, uliza kwanza ni bora kwa nani. Kwa mfanyabiashara, sawa. Kwa anayetaka kujua nini kilitokea Tsavo, chukua lako.

Lakini kusoma umri wa kitabu ni elimu, na uijue. Nenda ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina, penye haki za mchapishaji. Tazama mwaka, na kama kuna mstari unaosema kimechapwa tena. Vitabu vingi vina safu ya namba, 10 9 8 7 hadi 1. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyonayo: ukiona 1 ipo ni chapa ya kwanza, ukiona safu inaishia 3 ni ya tatu. Walifanya hivyo kwa sababu kufuta namba moja kwenye bamba la kuchapia ni rahisi kuliko kuchonga mpya.

Kisha tazama nchi. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani kwa gari mwaka 1955 na 1956, akachagua picha 83, lakini kitabu chake kilitoka kwanza Paris, mwaka 1958, kwa mchapishaji Delpire, kikiitwa Les Américains. Toleo la Marekani, la Grove Press, lina tarehe ya 1959. Picha ni zile zile. Ila la Ufaransa limezungushiwa maandishi ya watu wengi kuhusu Marekani, na la Grove Press limeachia ukurasa wa kushoto uwe mweupe, una mstari mmoja tu wa kutaja mahali, ili wewe na picha mbaki wawili. Mimi nina chapa ya baadaye sana ya hili la pili, mgongo wake nimeushona mwenyewe, na sijawahi kujiona nimepungukiwa.

Mwisho, hesabu kurasa. Kabla ya kulipa, fungua pale katikati penye mshono, pitisha kidole uone kama kuna kishina. Hilo lifanye hata muuzaji akinuna.

Assalaam alaykum Mama. Marehemu baba ametuachia vitabu kama 40, vingi vya picha. Vilipata madoa ya ukungu. Mtu akanishauri nivifunge kimoja kimoja kwenye nailoni. Nimefanya hivyo, miezi mitatu baadaye nafungua, hali imezidi. — Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam, na Mungu amrehemu baba. Ile nailoni imefungia unyevu ndani, na unyevu ndio chakula. Ukungu huamka hewa inapopita asilimia 65 hivi ya unyevu, na sisi wa pwani tunaishi juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Hatuwezi kuibadilisha bahari. Tunachoweza ni kuifanya hewa itembee.

Vitoe vyote leo. Tafuta ukumbi wenye kivuli na upepo. Usivianike juani, jua litapinda jalada na kupausha mgongo. Simamisha kila kitabu, kifungue kidogo kurasa zitawanyike kama mkia wa tausi, ukiache siku mbili tatu, usiku ukirudishe ndani. Funga kitambaa puani na mdomoni. Ukungu ukiwa bado mbichi, ukiugusa unajipaka kama masizi ya sufuria, kwa hiyo usiuguse. Ukishakauka unakuwa vumbi. Hapo chukua brashi laini ya kupakia rangi, upana wa vidole viwili, fagia kutoka penye mshono kwenda nje, taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Usiingize maji, siki wala dawa ya kufulia. Madoa mengine yatabaki. Yakubali.

Kabati lisiegemee ukuta wa nje wala ukuta wa bafu. Lisogeze mbele upana wa kiganja hewa ipite nyuma. Kama lina milango, toboa matundu juu na chini. Vitabu vikubwa vya picha vilaze, viwili au vitatu kwa rundo, maana kikisimama kwa kuegemea, uzito wa karatasi unavuta kitabu kitoke kwenye jalada lake. Nimetengeneza mamia vilivyoharibika kwa kusimama tu.

Nailoni yako usiitupe, ina kazi moja. Ukiona vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, au tundu jipya lenye unga unga, na kitabu kikiwa kimeshakauka vizuri, kifunge ndani ya nailoni, kamua hewa, bana kwa utepe wa gundi, ukiweke kwenye friza kali wiki mbili. Ukikitoa usikifungue siku hiyo. Kiache ndani ya nailoni hadi kesho yake kirudi kwenye joto la nyumba. Ukifungua mapema, kitatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo ni ya kuogopwa kwa vitabu vya picha kuliko vingine. Karatasi ile ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini sana. Ikilowa na ikakaukia ikiwa imefungwa, kurasa zinagandana zikawa tofali, na hakuna fundi wa kuzitenganisha. Paa likivuja, Mungu aepushe, usingoje vikauke. Vile ambavyo huwezi kuvipekua kimoja kimoja siku hiyo, friza itakununulia muda.

Koti la karatasi la kitabu changu limechanika. Ni selotepu ipi nzuri? — Msomaji, Morogoro

Hakuna. Baada ya miaka michache gundi yake inageuka kahawia, inapenya karatasi, na plastiki inadondoka ikiacha doa ambalo halitoki. Pika gundi ya wanga wa ngano: kipimo kimoja cha wanga, vipimo vinne vya maji, moto mdogo, koroga bila kuacha hadi iwe nzito na ing'ae, kisha ichuje kwa kitambaa. Unga mzima pia unashika, ila unavuta wadudu. Chana kwa mkono, usikate, kipande cha karatasi nyembamba kama ile inayofungia viatu vipya, kipake, kibandike upande wa ndani wa koti, na uweke uzito juu yake usiku kucha. Ukikosea, maji kidogo yataibandua. Kazi nzuri ya fundi ni ile ambayo fundi wa kesho anaweza kuifungua.

Mama, mimi ni mwanafunzi Nairobi, napita inama, pale vitabu vya mitumba vinapotandazwa chini, kila Jumamosi na ninaona hivyo vitabu vya picha vya zamani. Swali langu ni la heshima: picha hizo zote ziko kwenye simu yangu. Kwa nini nibebe kitabu cha kilo tatu? — Msomaji, Nairobi

Nimefurahi umeuliza kwa uwazi. Safari ijayo ya inama chukua kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa. Kiweke juu ya picha kwenye gazeti. Utaona vitone vimejipanga mistari kama askari kwenye gwaride. Penye giza vitone ni vikubwa, penye mwanga ni vidogo, lakini wino ni ule ule, unene ule ule. Sasa tafuta kitabu cha kabla ya miaka ya sitini kilichochapwa kwa graviya. Kule, bamba la shaba lilichimbwa kwa asidi, penye giza shimo ni la kina, penye mwanga ni la juu juu, hivyo karatasi inabeba wino mwingi au mchache kweli kweli. Weka kioo hapo. Ile mistari ya vitone inayeyuka, unabaki na weusi ambao una kina. Ukiupapasa, unahisi kama vumbi laini la mkaa. Simu haina weusi wa namna hiyo. Simu ina taa iliyozimwa.

Mwaka 1988 nilipelekwa Paris wiki sita kujifunza kujalidi. Mwalimu wetu alileta darasani Paris de Nuit ya mpiga picha Brassaï, kitabu cha mwaka 1933 cha picha za Paris usiku, tukakipokezana kwa mikono iliyonawa. Nilikuwa nacho labda dakika tatu. Hakikushonwa. Kimefungwa kwa waya uliojizungusha kama wa daftari la shule, nami fundi wa uzi nikashangaa. Picha zinafika hadi ukingoni mwa karatasi, hakuna mpaka mweupe, kwa hiyo ukishika ukurasa vidole vyako viko ndani ya usiku. Kulikuwa na mawe ya barabara yaliyolowa, taa moja inang'aa juu yake, na chini ya kidole gumba changu giza. Nilikiondoa kidole haraka nikidhani nimepaka wino. Haukutoka wino wowote, ni giza lenyewe lilikuwa jipya baada ya miaka 55.

Halafu kuna mpangilio. Kwenye simu picha inakuja peke yake, inafuatwa na tangazo la sabuni. Kitabuni mtu alikaa sakafuni na picha zake, akazihamisha huku na huku wiki nzima, akaamua mzee huyu atazamane na mlango ule. Ukigeuza ukurasa mkono wako ndio unaofungua mlango. Mpangilio huo ni nusu ya kazi ya mpiga picha, na hauonekani popote ila ndani ya kitabu kizima.

Kama toleo la zamani ni ghali, na mengi ni ghali mno, nunua toleo la kuigiza lililofanywa vizuri. Kitabu cha mpiga picha Henri Cartier-Bresson cha 1952, Images à la Sauvette, kile chenye jalada alilochora msanii Matisse, kilitolewa upya na wachapishaji Steidl mwaka 2014 kwa ukubwa wake. Wala sio aibu.

Mama, baba yangu aliondoka Dar na sisi tumezaliwa huku. Ameniachia Pilgrimage to Mecca ya Mohamed Amin na anakipenda sana. Nataka kuanza kukusanya lakini sina pesa nyingi. Nianzie wapi? — Msomaji, Muscat

Umeshaanza, binti yangu, na umeanza vizuri. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, ndipo alipojifunza kamera akiwa mwanafunzi, na ni Dar alipoanzishia Camerapix mwaka 1963. Wengi wanamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984. Wachache wanakumbuka wingi wa vitabu. Hicho chako ni cha 1978. Baadaye kuna Cradle of Mankind cha 1981, cha Ziwa Turkana, halafu vile vya safari alivyofanya na wenzake Duncan Willetts na Brian Tetley: Kenya mwaka 1982, Tanzania mwaka 1984. Amin na Tetley walikufa pamoja tarehe 23 Novemba 1996, ndege waliyopanda ilipotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Vile vya safari vilichapwa kwa wingi, na hadi leo vinaonekana kwa bei ya mtu wa kawaida. Cha Tanzania nilikinunua mwaka 1986 kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, nikakilipa kwa miezi mitatu. Anza na hivyo, kwa mpiga picha mmoja, uvijue vyote, badala ya kuokota kila kinachong'aa.

Na tafuta ambavyo hakuna anayevitaka sasa. Vitabu vya kumbukumbu za miaka kumi ya uhuru, vya reli, vya bandari, vya mashirika ya ndege, vya shule. Mwaka 1963 Mmarekani Ed Ruscha alichapa nakala 400 za kijitabu cha picha 26 za vituo vya petroli, akakiuza dola tatu na nusu, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikakikataa. Leo majumba ya makumbusho yanakiweka ndani ya kioo. Sisemi utatajirika. Nasema vitu hivi vinatupwa wakati ule ule ambapo vingeweza kuokolewa kwa bei ya chakula cha mchana. Na kabla ya vyote, mkalishe baba na kitabu chake, akueleze alikipata wapi na nani alikuwa pamoja naye. Andika. Penseli, kama nilivyomwambia dada wa Lamu.

Mama, nina vitabu vya picha vya wakoloni nilivyorithi. Vinanikera. Watu wetu wamepangwa kama mifugo, uchi nusu, bila majina. Nimefikiria kuvichoma. Wewe unawezaje kuviweka nyumbani? — Msomaji, Arusha

Ndugu yangu, kero yako naijua na sitaipunguza. Nina vitabu viwili ambavyo sivifungui mbele ya wajukuu bila kukaa nao nikiwaeleza. Lakini usivichome. Aliyepiga picha ile alitaka kuonyesha kabila. Ila kamera haijui kabila, imeshika uso wa mtu mmoja, kovu lake, macho yake yanayomtazama mgeni kwa hasira au kwa kuchoka. Pengine ndiyo picha pekee iliyobaki ya mtu yule duniani. Ukichoma, mpiga picha hapungukiwi kitu, ameshakufa. Anayeungua ni yule.

Viweke, ila usiviweke peke yake. Kando yake mimi nimeweka House of Bondage ya mpiga picha Ernest Cole. Cole alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria. Aliipiga picha Afrika Kusini ya ubaguzi akiwa ndani yake, mtu mweusi, akaondoka nchini mwaka 1966, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka New York. Kwao kilipigwa marufuku. Tazama kile chumba cha migodi, wanaume wamepangwa uchi mbele ya ukuta, mikono juu, wanapimwa afya. Ni picha ya watu walio uchi, kama hizo zako. Lakini anayetazama amesimama upande wao, na unamjua kwa mahali alipoweka kamera. Kuna mvulana darasani, jasho linamchuruzika usoni, macho hayatoki ubaoni. Niliuona ukurasa ule mara ya kwanza nikafunga kitabu, nikatoka nje. Cole alifariki New York mwaka 1990 akiwa hana kitu, na mwaka 2017 familia yake ikakabidhiwa negativu zake zaidi ya 60,000 zilizokuwa kwenye benki huko Sweden. Wachapishaji Aperture walikitoa kitabu upya mwaka 2022, kwa hiyo kinapatikana. Kisome, kisha rudi kwenye vile ulivyorithi. Utaona unavitazama kwa jicho jingine, unawatafuta watu na kumpita mpiga picha.

Nami bado ninatafuta. Katika kitabu kimoja cha picha za Tanganyika cha miaka ya hamsini, ukurasa wa 63, kuna wanaume saba bandarini Tanga wanapakia robota za mkonge. Maelezo yanataja mkonge, yanataja meli, watu hayawataji. Wa tatu kutoka kushoto amefunga kitambaa cha mistari kichwani na hana kidole cha mwisho mkono wa kulia. Wa sita anacheka, amemgeukia mtu aliye nje ya picha. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi bandari ile wakati ule, au mjane wake, au mtoto aliyempelekea chakula baba yake kule gatini, mleteni Ngamiani. Jumamosi zote baada ya alasiri nipo, kitabu kitakuwa mezani kimefunguliwa ukurasa huo, na kiti cha mzee kitakuwa karibu na dirisha.